Nilinunua turbo nikiwa na miaka 25, nikanunua tena nikiwa na 42

Binti ya dadangu alinipigia simu Jumamosi moja akaniuliza, mjomba, mtu wa miaka 24 anafaa kumiliki Golf GTI, ile Volkswagen ya mbio, ama bado ni mapema? Nilicheka mpaka mke wangu akachungulia kutoka jikoni. Swali halikuwa la kuchekesha, ila kuna watu wa familia yangu, mamangu akiwa wa kwanza, ambao wangelipa kiingilio kunisikiliza mimi natoa ushauri kuhusu gari ya turbo, ile inayosukumiwa hewa zaidi kwenye injini ipate nguvu. Nikaona jibu lenyewe haliwezi kutoka kwa simu, nikamwambia njoo kwangu Tudor, hapa Mombasa, tuongee vizuri na uje na daftari. Kumbe daftari alikuwa nalo tayari, ameshaandika kurasa nne.

Mimi nafanya kliaringi, kazi ya kutoa mizigo ya watu bandarini hapa Kilindini, nilianza nikiwa kijana wa kutumwa na makaratasi ofisi hii na ofisi ile. Magari ya Japani nayaona yakiteremka kila meli ya magari ikifunga, nimeyaona mpaka nshazoea, Vitz hizi, Demio hizi, kama mtu wa sokoni anavyoona nyanya. Lakini mwaka wa 2006 iliteremka Impreza WRX moja ya 1998, ile ya steshen wagoni, rangi ya fedha, na pua kwenye boneti. Wakati huo kama sasa sheria ilikuwa gari isizidi miaka minane tangu isajiliwe kwao, kwa hiyo hiyo ilikuwa imeponea chupuchupu. Mteja aliyeiagiza akakwama na ushuru. Mimi nilikuwa na miaka 25, sijaoa, mshahara elfu 31, nakaa kwa mamangu. Ukiangalia hesabu hiyo utaona mwenyewe.

Ugonjwa wenyewe ulianza zamani. Babangu hakuwahi kumiliki kitu cha injini maishani mwake, alikuwa na baiskeli tu, lakini hadithi za mbio za magari za Safari Rally alikuwa nazo kama watu wengine walivyo na hadithi za majini. Enzi zao Safari ilikuwa ikishuka mpaka Mombasa, wanakesha barabarani kungoja magari yapite na vumbi lake. Shujaa wake alikuwa Joginder Singh. Alikuwa ananiambia Joginder alishinda 1965 na Volvo iliyokuwa imeshatumika na wengine, akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Mimi nami nikapata wangu 1997, nina miaka 16, nikamuona Colin McRae kwa televisheni ya jirani akishinda Safari na Impreza ya buluu yenye ringi za dhahabu. Hapo ndo niliharibika. Na sikuwahi kufanya hesabu ya miaka yao mpaka juzi juzi tu: McRae siku hiyo alikuwa na miaka 28, na Joginder alipochukua ile ya tatu alikuwa na 44. Umri nilio nao mimi leo. Babangu alikuwa anajaribu kuniambia kitu ama alikuwa anapiga hadithi tu, Mungu amrehemu, sitajua.

Haya, turudi kwa pesa. Gari ilinifikia kwa 680,000 ikiwa imemaliza kila kitu. Sacco ilinipa 450,000 kwa sababu nilikuwa na akiba ya 150,000 na wadhamini watatu wa ofisini, watu wazima wenye watoto wao, waliotia sahihi kwa mapenzi tu. Chama chetu cha kuchanga pesa na pikipiki yangu niliyouza vikatoa 150,000. Mamangu akatoa 80,000 iliyobaki, na alipokuwa anaihesabu aliniuliza kitu kimoja, hii gari ikitaka kitu chengine itakula wapi? Nikamwambia mama, hii ni Subaru, haisumbui.

Yani nilikuwa sina hata elfu kumi pembeni. Siku nimeweka namba za usajili nilikopa pesa ya mafuta.

Mtu wa kwanza kuniuliza umri wangu kwa ubaya alikuwa ajenti wa bima. Alipiga hesabu, akaniangalia usoni, akauliza leseni ni ya lini, kisha akanieleza habari ya ekisesi, ile pesa unayotoa mwenyewe kabla ya wao kutia mkono mfukoni, kwamba kijana na mwenye leseni changa wake ni mkubwa zaidi, na gari ya turbo ndo kabisa. Nilikasirika, nikaona wananibagua. Nikakata thadi pati, ile bima ya kulipa hasara ya wengine tu, nikaondoka zangu. Sasa hivi nikikumbuka naona yule bwana alikuwa ameniona wazi kuliko nilivyojiona kwenye kioo, ila sikuwa na masikio.

Miezi kumi na moja nilikuwa mfalme. Sitadanganya hapa kujifanya mtu wa busara, ilikuwa raha. Ule mlio wa injini ya boksa, ile ambayo pistoni zake zimelala kushoto na kulia, bububububu, unatoka kwa sababu mabomba ya ekzosi hayalingani urefu, upande mmoja mrefu upande mwingine mfupi, basi moshi unafika kwa zamu mbovu mbovu na masikio yanapenda. Ukipita Mama Ngina, pale kando ya bahari, Jumapili jioni watu wanageuka na mihogo mkononi. Nyuma nilikuwa napakia chochote, magunia, godoro, viti vya harusi, mara moja niliwahi kubeba mbuzi wawili wa akika kutoka Mariakani. Hiyo ndo maana ya gari kama hizi, ni ya mbio na ni ya nyumba, na bei yake si ya tajiri. Lakini neno rahisi ni neno la kununua tu. Kuiweka ni hadithi nyengine.

Tairi zikaisha, nikaweka za mitumba. Breki pedi nikaweka za bei ya chini, zikipata moto zinatoa harufu kama nywele zimeungua. Oili nilikuwa nabadilisha mshahara ukinirehemu, kilomita elfu tano zikifika nasema ngoja mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukifika Sacco imeshakata elfu 15 yake. Na kuangalia dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili? Nani aangalie dipstiki akiwa na miaka 25. Taa ya oili si ipo.

Ilikuwa Februari 2007, saa nane usiku, tumetoka Mtwapa tunaenda Kilifi kwa sababu hakuna sababu. Tulikuwa wanne ndani. Mashamba ya katani ya Vipingo yako pande zote mbili, barabara iko wazi, nikakanyaga mafuta. Nilisikia tik, tik, tik. Rafiki yangu wa mbele akaongeza redio. Nakwambia ukweli, hata mimi nilifurahi alivyoongeza redio. Dakika tano hivi baadaye tik ikageuka tok, tok, tok, nzito, kama mtu anabisha mlango kwa ngumi kutoka ndani ya boneti, ndo taa nyekundu ikawaka. Hapo imewaka ya nini sasa, ni kama jirani anayekuja kukwambia nyumba yako inaungua na wewe ushasimama nje na shuka. Injini ikafunga. Kimya. Tukasikia mpaka upepo kwenye katani.

Lori la mawe ndilo lilituvuta kulipokucha.

Fundi alipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, alinionyesha oili iliyobaki, kikombe na nusu labda, nyeusi tititi, halafu akaizungusha kwenye jua na ndani yake kulikuwa na vitu vinang'aa kama pambo la bibi harusi. Zile ndo beringi za konrodi, vyuma laini vya ndani ya injini, zimesagika. Injini hizi za turbo zina tabia ya kula oili kidogo kidogo, si ugonjwa, ni tabia, lakini ukizikimbiza bila kuongeza zinakauka, na turbo yenyewe inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili tu. Utando ukikosekana basi. Injini nyingine ya Japani kule Kirinyaga Road, Nairobi, bei yake pamoja na kufunga ilikuwa inakaribia 200,000. Nilikuwa na 3,400 mfukoni.

Gari ikakaa juu ya mawe chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba ya mamangu, na mimi nikalipa mkopo miezi mingine 25. Miezi 25! Natoka asubuhi kupanda matatu naipita, narudi jioni naipita. Majani yakajaa kwenye pua ya boneti, paka akazaa kwenye kiti cha nyuma mara mbili. Mamangu hakuwahi kunikumbusha lile swali lake, na hilo ndo lilikuwa baya zaidi. Mwishowe niliuza bodi kwa bei ya bati.

Aliyenisaidia kuielewa ile hasara ni mzee mmoja jirani, mhandisi wa meli aliyestaafu, wakati huo yuko hamsini na kitu na sasa amefika 68. Alikuja akasimama pale mwarobainini, mikono nyuma, akaniuliza, "Mwanangu, oili uliiangalia lini mara ya mwisho?" Nikajaribu kukumbuka nikashindwa. Hakunigombeza. Akaniambia injini haifi ghafla, hukwambia mwezi mzima, wewe ndo ulikuwa hujakaa nayo. Yeye mwenyewe ana Legacy GT, na mtaa mzima hakuna anayejua inaenda vipi kwa sababu hatujawahi kuiona ikipita themanini. Kila Ijumaa asubuhi kabla ya kwenda kuoga kwa ajili ya msikiti, anafungua boneti, injini imelala baridi, anachomoa dipstiki anaipangusa kwa leso nyeupe, nasema nyeupe, anairudisha, anaichomoa tena, anaangalia usawa, halafu anainusa. Anainusa kama mwanamke anavyonusa maziwa kabla ya kutia chai. Nilimuuliza unanusa nini, akasema petroli, ikinuka petroli kuna kitu hakiungui vizuri huko juu. Kisha anaingiza mkono chini ya upande wa redieta, anashika mpira wa maji, anaubinya, anaachia. Dakika nne hazifiki. Miaka kumi na minane namuona hivyo.

Basi nikaoa, nikapata watoto, nikaendesha Probox, ile Toyota ya kazi. Miaka kumi na kitu ya Probox haina hadithi, na hiyo ndo sifa yake.

Mwaka wa 2023 nikiwa na 42 nikanunua Forester XT ya 2011, turbo ya lita mbili, nguvu za farasi 230 kwa karatasi. Na chagua mwaka wa kununua gari inayokunywa, petroli ilikuwa inapanda hivi, Septemba ikapita shilingi 200 lita, kila tarehe 14 tunangoja EPRA, wale wanaopanga bei ya mafuta, watangaze kama tunangoja mwezi wa Idi. Mombasa tunapata nafuu ya shilingi mbili tatu kuliko Nairobi kwa sababu mafuta yanateremkia hapa, lakini nafuu hiyo foleni ya Nyali Bridge inaimaliza. Mjini inanipa kilomita saba kwa lita, nane nikiwa mpole. Mke wangu alisema maneno machache, nunua, lakini karo isiguswe. Haikuguswa.

Nilinunua kwa mtu hapa hapa mjini, 1,250,000. Lakini niliianza safari na 1,600,000. Ile 350,000 iliyobaki sikuiita akiba, niliita pesa ya pili, nikaiweka akaunti yake peke yake, na katika miezi minne ya kwanza ilikula 170,000: taimingi belti, ule mkanda unaopanga mwendo wa injini, na vikorokoro vyake, pampu ya maji, mipira yote ya maji, shokabu za nyuma, tairi nne mpya. Taimingi belti watu wanasema kilomita laki moja, lakini belti ina miaka pia, si kilomita tu, na joto letu hili na chumvi hii ya bahari vinazeesha mpira haraka. Chini ya gari ndo usiseme, gari iliyolala miaka mitano Nyali karibu na maji inaweza kuwa inang'aa juu na chini inamegeka kama kashata. Kwa hiyo umri unaouliza, nikamwambia mpwa wangu, uko wa aina mbili, wako na wa gari, na mara nyingi kijana anachoweza kumudu ni gari iliyozeeka, yani wewe huna pesa na yeye anaanza magonjwa, mnakutana hapo.

Kuna siku fundi wangu alikuwa ananieleza kwa nini Forester inapoteza nguvu nikikaa kwenye foleni. Kile kitu cha kupoza hewa ya turbo kwenye hizi Subaru kinakaa juu ya injini, chini ya ile pua ya boneti, gari ikisimama upepo hauingii na joto la injini linapanda kukichoma, kwa hiyo ukitoka kwenye foleni ya feri Likoni mchana gari imelegea mpaka itembee kidogo ipate upepo. Yeye anakiita intakula. Nilisikia itakula. Nikamwambia hilo jina walilijulia. (Siku hizi nikienda Diani napitia barabara ya Dongo Kundu isiyo na feri, hiyo foleni siioni.) Na kitu chengine, hizi turbo za Japani zilitengenezewa petroli yao ya oktani 100 (kipimo cha petroli kuvumilia mgandamizo), yetu iko chini ya hapo, kwa hiyo mimi naweka ile ya bei ya juu na sikanyagi nikiwa gia ya juu na mwendo mdogo jua la saa saba. Nikiwa na 25 ungeniambia hivyo ningekuona mzee mwoga.

Watu wanafikiri umri unakutoa hamu ya mwendo. Mimi haujanitoa, wallahi, nikipita Mariakani asubuhi mapema kuelekea Voi na barabara iko tupu ule mguu bado unawasha. Kilichoondoka ni watazamaji. Nikiwa kijana kila nilipokanyaga kulikuwa na mtu namkanyagia, aliye kando yangu, aliye kwenye tuktuk, msichana fulani wa Bamburi ambaye hata hakuwa anajua Subaru ni nini. Sasa hivi niko na watoto wawili nyuma, mmoja hutapika ikipita mia, kwa hiyo turbo yangu inafanya kazi moja tu, kupita trela. Unaona nafasi pale Maungu, unakanyaga, sekunde chache umerudi upande wako, hujakaa kule kwenye upande wa kifo kama mwenye Probox iliyojaa abiria inayolia. Hiyo tu ndo faida, na inanitosha. Mwendo wa sheria unapendeza sana gari ikiwa haijisumbui kuufikia.

Vilivyoingia badala yake si vyote vizuri lakini. Taa za malori usiku zinaniumiza macho siku hizi, zamani nilikuwa nashuka kutoka Nairobi usiku kucha na soda moja, sasa jua likizama nataka niwe nimeshapita Mazeras. Magoti yananiambia Impreza ya chini kama ile nisijaribu tena, Forester unaingia umesimama unatoka umesimama. Na mtu wa miaka 44 akipita na mlio ule wa bububu vijana wanamuangalia vile wanavyomuangalia mjomba anayecheza harusini. Hilo nimelikubali.

Haya, mpwa wangu alikuja na daftari lake. Yeye ni nesi, anafanya zamu za usiku, Golf anayoitaka ni ya sita, GTI ya lita mbili, farasi 211, milango mitano na buti la kutosha kwa sababu anamsaidia mamake kupeleka keki za watu wikendi. Kwenye daftari alikuwa ameandika: oili ya gia za DSG (zile zinazojibadilisha zenyewe) ni kila kilomita 60,000, imebadilishwa? Na chini yake: tenshona ya cheni (kile kinachokaza cheni ya ndani ya injini), isikilizwe gari ikiwa baridi. Nikanyamaza. Nikamuuliza una pesa ya pili? Akafungua ukurasa wa tatu, akanionyesha, 260,000 na inaongezeka elfu kumi na mbili kila mwezi. Nikamuuliza bima, akasema ameshapata bei za kampuni tatu, komprihensivu, ile inayolipa na gari yako, na ekisesi ya kijana ameiingiza kwenye hesabu, inamuuma lakini ameiingiza. Basi nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya kwamba angoje afike 35, nikaimeza na chai.

Tukaenda yadi moja kuangalia ile Golf. Muuzaji alikuwa ananisemesha mimi, bosi hivi, bosi vile, wakati mwenye pesa amechuchumaa na taa ya simu anaangalia kutu chini ya milango. Nilimwambia mnunuzi ni yule. Akamgeukia akaanza kumwambia habari za rangi. Binti akamsikiliza mpaka akamaliza, akasema, "Kaka, nitarudi kesho asubuhi. Naomba isiwashwe mpaka nifike, nataka niisikie ikiamka." Muuzaji akasema hakuna shida, saa moja.

Tulifika saa moja kasorobo. Nakiri kwamba mimi nilienda moja kwa moja kwenye ringi, zilikuwa zimeoshwa, zimepakwa kitu, nimeinama nazishangaa kama mtoto. Yeye hakuangalia ringi. Aliweka kiganja juu ya boneti akakiacha pale.

"Mjomba, njoo ushike."

Nikashika. Ilikuwa na moto wa chapati iliyotoka sasa hivi. Ile cheni ikiwa imelegea huwa inalia sekunde zile chache za kwanza tu injini ikiwa baridi, ikishapata oili inanyamaza, kwa hiyo ukiipasha kabla mnunuzi hajafika hasikii kitu. Muuzaji akaja anafuta mikono, akasema, "Ah, dada, ni jua hilo."

"Jua gani, na gari imelala chini ya mabati?"

Binti akatoa daftari, akachora mstari mmoja mrefu juu ya ile namba ya gari, akaandika na saa. Halafu akaniuliza kama Mwembe Tayari saa hizo tutapata mbaazi na mahamri, maana ametoka zamu na hajala tangu saa tano ya usiku.